Uhuru wa Freetown Haukushushwa na Merikebu

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nikisahihisha karatasi za mtihani wa historia katika shule moja ya sekondari, nilikutana na jibu lililonistaajabisha. Swali lilimtaka mwanafunzi aeleze jinsi mji wa Freetown, ulio mji mkuu wa Sierra Leone, ulivyoanzishwa. Kijana yule aliandika kwamba mji huo uko Kisauni, Mombasa, karibu na Kengeleni, na kwamba ulijengwa na wamishenari ili kuwahifadhi watumwa waliookolewa baharini. Walimu wenzangu waliposomewa jibu hilo walicheka hadi machozi yakawatoka. Nami nilicheka nao, kisha nikampa sufuri.

Kosa lake lilieleweka. Alichanganya Freetown ya Afrika Magharibi na Frere Town ya kwetu pwani, makazi yaliyoanzishwa na wamishenari wa Kianglikana mnamo 1875 na kupewa jina la Sir Bartle Frere, Mwingereza aliyetumwa kumshinikiza Sultani wa Unguja alifunge soko la watumwa. Mahali hapo pawili pametenganishwa na bara zima, na kwa umri Freetown imeitangulia Frere Town kwa zaidi ya miaka 80. Hata hivyo, nilipoendelea kusahihisha, niliona kuwa wanafunzi waliopata alama zote waliandika karibu sentensi ile ile moja: kwamba Freetown ilianzishwa na Waingereza wenye huruma ili kuwapa uhuru Waafrika waliokuwa watumwa. Sentensi hiyo waliitoa kwetu sisi walimu, nasi tuliitoa katika vitabu tulivyofundishiwa. Leo naamini kwamba jibu hilo ndilo lililostahili kusahihishwa kwanza.

Nasema hivyo kwa sababu historia ya Freetown, ukiisoma kwa utulivu, haionyeshi mahali ambapo uhuru uliletwa ukiwa tayari, ukashushwa bandarini kama shehena ya chumvi. Inaonyesha watu waliofika kundi baada ya kundi wakiwa wameahidiwa uhuru, wakakuta ahadi ina masharti, wakapigania kilichosalia. Inaonyesha pia jambo lisilopendeza kusimuliwa, nalo ni kwamba waliotangulia kuupata uhuru huo mara nyingi walisaidia, kwa kujua au kwa kutojua, kuufunga mlango mbele ya waliofuata. Mwanafunzi asiyeyajua haya mawili hajaujua mji huo, hata akitaja tarehe zote.

Tuanze na ardhi, maana hakuna mji unaojengwa hewani. Freetown imekaa chini ya milima, kwenye mlango wa mto ambao umefanya mojawapo ya bandari kubwa za asili duniani. Mabaharia Wareno walifika huko katika miaka ya 1460 na kuiita milima ile Serra Lyoa, yaani milima ya simba, jina ambalo baadaye lilikuja kuwa la nchi nzima. Lakini Wareno hawakuikuta pwani tupu. Palikuwa na wenyeji, na kufikia karne ya 18 watawala wa mahali pale walikuwa Watemne, waliotoza ushuru kwa vyombo vilivyokuja kuteka maji na kufanya biashara. Kisiwani Bunce, mwendo wa kilomita 30 hivi ukipanda mto, Waingereza walikuwa na ngome ya biashara ya watumwa tangu karibu mwaka wa 1670. Kwa hiyo mji wa watu huru ulianzishwa kando ya soko la watumwa lililokuwa likiendelea na kazi yake, na soko hilo halikufungwa kwa sababu ya ujirani huo.

Kundi la kwanza lilifika Mei 1787. Walikuwa watu wapatao 400, wengi wao wakiwa wale walioitwa maskini weusi wa London. Baadhi yao walikuwa wamepigana upande wa Uingereza katika vita vya uhuru vya Marekani, na baada ya vita hivyo wakaachwa wakiombaomba katika mitaa ya mji uliowatumia. Granville Sharp, mpinzani mashuhuri wa utumwa, aliota kuwajengea jimbo la uhuru. Nia yake ilikuwa njema, sina shaka. Serikali nayo iligharimia safari, ila huruma ya wengi waliounga mkono mpango huo ilichanganyika na tamaa ya kuwaondoa maskini hao machoni mwa watu wa London. Walifikishwa wakati masika yanaanza, bila nyumba wala mashamba, na sehemu kubwa yao ilikufa kwa homa na njaa. Miongoni mwa waliopona, wapo waliokwenda kuajiriwa na wafanyabiashara wa watumwa. Tusiwahukumu upesi, kwa kuwa mwenye njaa hana miiko.

Wahenga wetu walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa mwenyeji hakupona. Mkataba wa kwanza wa ardhi ulitiwa alama mwaka 1787 na mtawala mdogo wa Kitemne aliyejulikana kwa Waingereza kama King Tom. Mkubwa wake, Naimbana, hakuridhika nao, ikabidi mkataba mwingine uandikwe mwaka uliofuata. Kwa bidhaa za thamani ndogo, kama vile tumbaku, ushanga na pombe, Waingereza waliandika karatasini kwamba ardhi ile imetoka mikononi mwa Watemne milele. Kwa desturi za wenyeji, mgeni hupewa mahali pa kuishi na kulima, akaheshimu mwenye nchi na kumpa haki zake, hauziwi udongo. Karatasi ilisema hivi, desturi ikasema vile. Mwaka 1789, baada ya manowari ya Uingereza kuuchoma mji wake katika ugomvi, mtawala aliyejulikana kama King Jimmy aliyachoma makazi ya wahamiaji. Vitabu vyetu hupenda kuliita tukio hilo shambulio la wenyeji. Havielezi kilicholitangulia.

Jaribio la pili ndilo lililozaa Freetown yenyewe, na mwanzo wake haukuwa London. Ulikuwa kwa mtu mmoja aitwaye Thomas Peters, aliyekuwa mtumwa huko North Carolina, akatoroka na kujiunga na jeshi la Uingereza katika vita vya Marekani. Yeye na maelfu ya wenzake walihamishiwa Nova Scotia, katika Kanada ya leo, wakiwa wameahidiwa mashamba. Wengi walingoja mashamba hayo bila kuyapata, au wakapewa ardhi ya mawe isiyoota kitu. Peters alivuka bahari hadi London kupeleka malalamiko yao, ingawa safari hiyo ingeweza kumrudisha utumwani. Huko alikutana na Sharp na wakurugenzi wa Kampuni ya Sierra Leone, na ujumbe wake ndio uliowatia mwendo. Januari 1792 merikebu 15 ziliondoka Halifax zikiwa na watu karibu 1,200, chini ya uongozi wa John Clarkson, afisa kijana wa jeshi la majini. Machi mwaka huo walitua, na mapokeo ya mji yanasema walikusanyika chini ya mti mkubwa wa msufi, wakaimba na kushukuru. Peters mwenyewe alifariki mwezi wa Juni, miezi michache tu baada ya kufika. Wanafunzi wangu walimtaja Sharp wote. Peters hakutajwa hata na mmoja.

Clarkson alikuwa amewaahidi wahamiaji hao ardhi isiyotozwa kodi na kampuni. Alipoondoka, kampuni ikaitoza. Kwa mtu wa mbali kodi hiyo ingeonekana ndogo, lakini watu hawa walikuwa wametoka utumwani. Walijua kwamba anayekutoza kwa sababu ya kukanyaga udongo ndiye mwenye udongo, na wewe ni mpangaji anayeweza kuondolewa. Walilalamika kwa barua, wakatuma wajumbe London, wakachagua wawakilishi wao. Hatimaye, mwaka 1800, baadhi yao walitangaza sheria zao wenyewe na kuikana mamlaka ya gavana. Maasi hayo yalizimwa, viongozi wawili wakanyongwa, na wengine wakahamishwa.

Walioyazima ni akina nani? Jibu lake ndilo linalonifanya niione Freetown kuwa somo kubwa kwa Afrika. Wakati huohuo merikebu ilitia nanga ikiwa na watu wapatao 550, yaani Wamaroon kutoka Jamaica. Hawa walikuwa wazao wa watumwa waliotorokea milimani na kuishi huru kwa vizazi kadhaa. Walipigana na Waingereza mwaka 1795 na 1796, wakahadaiwa kuweka silaha chini, wakafukuzwa hadi Nova Scotia, na sasa wakaletwa Afrika. Walipofika tu, wakapewa silaha kuwatuliza waasi. Watu walioonewa na dola ile ile walitumiwa dhidi ya watu walioonewa nayo. Sidhani walifanya hivyo kwa ubaya wa moyo. Walikuwa wageni waliotaka ardhi, na aliyekuwa na ardhi ya kugawa alikuwa gavana.

Mwaka 1807 Bunge la Uingereza lilipiga marufuku biashara ya watumwa, na tarehe 1 Januari 1808 Freetown ikawa koloni la Mfalme. Tangu hapo manowari za Uingereza zilizokamata merikebu za watumwa ziliwaleta mateka wake Freetown, ambako mahakama maalumu iliamua kesi za merikebu hizo. Katika muda wa miaka 60 hivi walishushwa hapo watu zaidi ya 80,000. Waliandikishwa katika madaftari: jina, umri, kimo, chale na alama za mwilini. Madaftari hayo yapo hadi leo, na kwa wengi wao hayo ndiyo maandishi pekee yanayoonyesha kwamba waliwahi kuishi duniani.

Je, walioandikishwa waliachwa waende zao? La. Wengi, hasa watoto, waligawanywa kwa wakaaji wa zamani wawe wanagenzi kwa miaka kadhaa. Wengine waliingizwa jeshini, na tangu miaka ya 1840 wengine walisafirishwa kwenda kufanya kazi katika mashamba ya Karibi, ng'ambo ile ile waliyookolewa wasipelekwe. Gavana wa kwanza wa koloni la Mfalme, Thomas Perronet Thompson, alipofika mwaka 1808 alikasirishwa na uanagenzi huo, akausema wazi kuwa hautofautiani na utumwa. Hakudumu, aliitwa nyumbani na kuondolewa kazini. Mwalimu akitaka kuwaonyesha wanafunzi jinsi neno zuri linavyoweza kuficha jambo baya, na awaeleze habari za Thompson.

Hata hivyo, historia hii si kilio kitupu. Wale waliookolewa walikaliwa katika vijiji vilivyozunguka mji, vyenye majina ya Kiingereza kama Regent, Gloucester, Wilberforce, Hastings na Wellington. Walikuwa wametoka karibu kila upande wa Afrika Magharibi, na si Magharibi pekee. Mmishenari Sigismund Koelle, alipokusanya maneno kutoka kwa wakaaji wa mji huo kwa ajili ya kitabu chake Polyglotta Africana kilichotoka mwaka 1854, alipata lugha zaidi ya 150, zikiwamo za watu waliotekwa upande wa Msumbiji. Kwa hiyo watu wa pwani yetu hii ya mashariki nao walitembea katika mitaa ya Freetown. Watu wasioelewana kwa lugha hata moja walianzisha vyama vya kuzikana na kusaidiana, wakanunua kwa pamoja bidhaa za merikebu zilizotwaliwa, wakauza sokoni, wakajenga nyumba za mbao na za mawe, wakajenga makanisa na misikiti. Katika kizazi kimoja wengi wao walikuwa wamewapita kwa mali wale waliowapokea kama wanagenzi.

Elimu ndiyo iliyoipa Freetown jina kubwa. Chuo cha Fourah Bay kilianzishwa na wamishenari mwaka 1827, na mmoja wa wanafunzi wake wa kwanza alikuwa Samuel Ajayi Crowther, kijana wa Kiyoruba aliyeokolewa kutoka merikebu ya watumwa mwaka 1822. Yeye aliongoza kazi ya kutafsiri Biblia kwa Kiyoruba, na mwaka 1864 akawekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Kianglikana. Shule ya wavulana ilifunguliwa mwaka 1845 na ya wasichana, Annie Walsh, mwaka 1849. James Africanus Horton, aliyezaliwa katika kijiji cha Gloucester mwaka 1835 na wazazi waliookolewa, alisomea udaktari Uingereza, na mwaka 1868 akachapisha kitabu kilichowakanusha waliodai kwamba Mwafrika ni duni kwa maumbile, na kutetea haki ya Waafrika kujitawala. Hayo yaliandikwa miaka 17 kabla ya mkutano wa Berlin kumalizika.

Mji huo ulizaa hata lugha. Kikrio kilichipuka katika masoko na nyua za Freetown, kikichota kutoka Kiingereza, Kiyoruba na lugha nyingine nyingi, na leo ndicho kinachowaunganisha watu wa Sierra Leone. Kwa muda mrefu wasomi wa huko walikidharau wakikiita Kiingereza kilichovunjika. Sisi wapenzi wa Kiswahili tunaifahamu dharau ya namna hiyo. Mwaka 1963 Mwalimu Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Julius Caesar ya Shakespeare kwa Kiswahili. Mwaka uliofuata, huko Freetown, Thomas Decker alitoa tafsiri ya tamthilia hiyohiyo kwa Kikrio. Kila mmoja alikuwa akithibitisha kwamba lugha ya sokoni kwao inaweza kubeba maneno ya ikulu.

Sasa tufike kwenye ule mlango niliotaja. Wazao wa makundi yote hayo, walioitwa Wakrio, walikuwa raia wa koloni, nalo koloni lilikuwa rasi ndogo na viunga vyake. Mwaka 1896 Waingereza walitangaza kwamba nchi yote ya bara, ya Watemne, Wamende na wengineo, imo chini ya ulinzi wao. Hivyo nchi moja ikawa na watu wa aina mbili mbele ya sheria: wa mjini waliokuwa na mahakama, magazeti na baraza la mji, na wa bara waliotawaliwa kupitia machifu. Mwaka 1898 watu wa bara walitozwa kodi ya vibanda, shilingi tano kwa nyumba ya kawaida. Bai Bureh, mtawala wa Kitemne, alipigana kwa miezi mingi kabla ya kukamatwa na kuhamishiwa Gold Coast. Wamende walipoinuka nao, waliwaua Wakrio wengi, wafanyabiashara na watu wa misheni, kwa sababu machoni pao Mkrio aliyevaa suti alikuwa Mwingereza mweusi. Na gavana naye akawalaumu Wakrio hao hao kwamba magazeti yao ndiyo yaliyochochea vita. Walikataliwa pande zote mbili.

Malipo ya utiifu wao yalionekana upesi. Mwaka 1902 Waingereza waliunda idara moja ya tiba kwa makoloni yao ya Afrika Magharibi na kuwazuia madaktari Waafrika wasiingie humo, ingawa Freetown ilikuwa imetoa madaktari kwa zaidi ya miaka 40. Mwaka 1904 walifungua mtaa wa Hill Station mlimani, wa Wazungu pekee, kwa hoja kwamba damu ya watoto Waafrika imejaa vijidudu vya malaria. Wakajengewa reli ya kuwateremsha asubuhi ofisini na kuwapandisha jioni. Wapishi na yaya Waafrika waliwahudumia huko juu mchana, na malaria haikuonekana kuwa hoja.

Mji haukunyamaza. Mwaka 1919 wafanyakazi wa reli waligoma wakati bei ya mchele ilipopanda, na ghasia zikazuka dhidi ya maduka ya Walebanoni na Wasiria. Mwaka 1938 I. T. A. Wallace-Johnson alianzisha Freetown tawi la Jumuiya ya Vijana ya Afrika Magharibi, chama kilichojaribu kuwaunganisha watu wa koloni na wa bara, wafanyakazi na wasomi. Waingereza walimtia ndani vita vilipoanza mwaka 1939. Constance Cummings-John, mwanamke kijana aliyechaguliwa katika baraza la mji kwa tiketi ya chama hicho, alikuja kuwa meya mwaka 1966. Hata hivyo, ilipotolewa katiba ya mwaka 1951 iliyowapa watu wa bara wingi wa viti, baadhi ya viongozi wa Wakrio waliipinga vikali wakihofia kumezwa. Milton Margai, daktari kutoka bara, ndiye aliyeiongoza nchi hadi uhuru tarehe 27 Aprili 1961.

Je, mlango ulifunguka? Kwa kiasi tu. Wakubwa wapya walitoka bara, lakini mamlaka, umeme, hospitali na vyuo vilibaki Freetown. Katika miaka ya 1970 reli iliyounganisha mji na mashamba ya mashariki ilifungwa, na mwaka 1980 serikali ya Siaka Stevens iliandaa mkutano mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini humo kwa gharama iliyoilemea nchi. Vita vilipoanza mwaka 1991, vilianzia mashariki, mbali na macho ya mji mkuu, na kwa miaka mingi watu wa Freetown waliweza kudhani haviwahusu. Tarehe 6 Januari 1999 waasi waliingia mjini, wakaua, wakakata watu mikono na kuchoma mitaa ya mashariki. Tume ya Ukweli na Maridhiano, katika ripoti yake ya mwaka 2004, ilitaja kulimbikizwa kwa mamlaka katika mji mkuu na kutupwa kwa mikoa miongoni mwa mambo yaliyozaa vita hivyo. Ukuta uliojengwa mwaka 1896 ulikuwa umedumu kuliko walioujenga.

Waliokimbia vita walijaa Freetown. Sensa ya mwaka 2015 iliwahesabu watu zaidi ya milioni moja katika mji ambao mahali pake tambarare ni pachache. Waliokosa nafasi walipanda milimani, wakakata miti na kujenga kwenye miteremko, au wakateremka hadi kando ya maji kama pale Kroo Bay. Asubuhi ya tarehe 14 Agosti 2017, baada ya mvua kubwa, mlima uliporomoka huko Regent. Watu zaidi ya 1,000 walikufa au kupotea. Regent ni kile kijiji kilichojengwa ili kuwapa makao watu waliookolewa baharini. Miaka 200 baadaye, wenye kutafuta makao walifukiwa na udongo wa pale pale. Na mnamo Mei 2023 dhoruba iliuangusha ule msufi wa kale, mti uliochorwa kwenye noti za nchi. Watu walilia kama waliofiwa.

Najua yupo msomaji atakayeniuliza: unataka kukana kwamba Waingereza waliwaokoa watu wale? Sikani. Mabaharia wengi walikufa kwa homa katika doria zile, na mtoto aliyefunguliwa minyororo hajali kama mfunguaji alilipwa zawadi kwa kila kichwa. Crowther asingekuwa Crowther bila manowari iliyomwokoa. Ninachokataa ni hesabu inayoanzia pale manowari inapofika na kukomea pale. Kumfungua mtu minyororo ni kazi ya asubuhi moja. Kumpa ardhi, sauti, shule na kinga ya sheria ni kazi nyingine, na kazi hiyo katika Freetown ilifanywa kwa sehemu kubwa na waliofunguliwa wenyewe, mara nyingi wakizuiwa na wale wale waliowafungua. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu wanafunzi wetu watakuwa wapiga kura, madiwani na mawaziri. Kijana aliyefundishwa kwamba uhuru huletwa na watu wema kutoka mbali atakaa akiwangoja watu hao. Na kijana asiyefundishwa kwamba mtu aliyeonewa anaweza kumwonea mwingine hatajichunga siku atakapopata cheo, nyumba mlimani, na mlinzi langoni. Historia ya miji mikuu ya Afrika imejaa watu wa namna hiyo, na wengi wao walipita madarasani mwetu.

Basi ninawaomba walimu wenzangu, tunapofundisha mwanzo wa mji wowote, tusitosheke na kuuliza ni nani aliyeuanzisha na mwaka gani. Tuongeze maswali matatu: ardhi ilikuwa ya nani na aliachaje kuwa nayo; walioletwa waliahidiwa nini na wakapewa nini; na waliopata, walimfungia nani nje? Maswali haya hayahitaji maabara wala vitabu vya bei. Nanyi wanafunzi, msingoje kuulizwa. Mwanafunzi wa Mombasa anaweza kuyapeleka Kengeleni siku ya Jumamosi, akawauliza wazee wa hapo habari za Frere Town, mahali ambapo nao waliookolewa walikaa chini ya sheria za wamishenari wa chama kile kile kilichoanzisha Fourah Bay.

Nikimkumbuka yule kijana wa Kisauni, naona alikuwa amesikia kwa bibi au babu habari za watu walioshushwa pwani bila kwao, akaziandika alipoona swali linalofanana nazo. Alikosea bara, lakini watu hao aliwajua kwa majina ya jirani zake. Kama karatasi ile ingerudi mezani pangu leo, ningemwita, nimwonyeshe ramani, kisha nimwombe anisimulie yote aliyoyasikia. Na alama yake nisingeiandika hadi amalize.